Duara la Unga

Zuhura, binti mkubwa wa rafiki yangu Yusufu, alinipigia simu asubuhi nikiwa nafagia majani ya mikorosho mbele ya nyumba yangu hapa Newala. Alinisalimia kwanza, shikamoo baba mdogo, nami nikaitikia marahaba, na kwa namna alivyokawia baada ya ile marahaba nikajua. "Baba ametutoka," akasema. "Wanazika leo alasiri. Wazee wamesema hawatoki nyumbani mpaka wewe mtani ufike. Baba mwenyewe aliacha neno, unalijua." Nalijua sana. Yusufu aliniachia neno hilo kitandani kule Masasi, sauti ikiwa imebaki nyembamba lakini jeuri iko palepale: "Siku yangu, Mmakonde, uingie wewe kwanza kaburini unipimie. Na usinililie. Ukinililia nitaamka nikuchape mbele ya watu." Nilimwahidi, kwa sababu mtu aliyelala kitandani hakataliwi jambo, na kwa sababu nilidhani bado tuna muda.

Kwa asiyetoka huku kwetu, inafaa nieleze. Mimi ni Mmakonde, Yusufu alikuwa Myao, na makabila yetu ni watani. Mtani wako anaweza kukusema mbele ya wakwe zako, akamshika kuku wako akamchinja, akavaa shati lako akaondoka nalo, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika watu watakucheka wewe. Lakini kazi yake hasa iko msibani. Wafiwa wanalia, mtani anacheza. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akinywa chai, analala njiani kuzuia jeneza mpaka ahongwe hata andazi, anaingia kaburini kabla ya mwenyewe na kulalamika kwamba chumba ni kidogo. Watu wakishacheka, wanaweza kuzika. Nimeifanya kazi hiyo kwa Wayao wengi, na bila kujisifu, naiweza. Nimewahi kumchekesha mjane aliyekuwa hajala tangu juzi yake, akacheka mpaka akaomba uji. Ila asubuhi ile, fagio mkononi, nilijitafuta ndani kote nisikute hata kichekesho kimoja. Nilipanda gari la abiria kushuka Masasi nikiwa mtupu kabisa.

Gari linaposhuka na kufika chini ya mlima, pale barabara inapoanza kutulia kuelekea Masasi, huwa naangalia dirishani upande wa kushoto. Nimeangalia hivyo kila nilipopita, miaka yote hii. Hapana kitu pale. Ni nyasi na mikorosho miwili mitatu ya mtu, na siku hizi kuna kibanda cha kuuza vocha. Lakini pale ndipo niliposimama siku moja ya ujana wangu, ndani ya duara lililochorwa kwa unga wa muhogo, nikimngoja Yusufu, na mwaka wangu wote ukaishia pale.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa Mkomaindo, pale Masasi mjini, mimi na yeye, chumba kimoja katika nyumba ya Mama Salima, karibu na hospitali. Kilikuwa chumba cha udongo kilichosilibwa vizuri, na dirisha dogo ambalo halikufunguka kwa sababu Mama Salima alikuwa ameegemeza kuni zake kwa nje. Tulilala kila mtu na mkeka wake, na katikati yetu ililala baiskeli. Yusufu aliiheshimu baiskeli ile kuliko alivyoniheshimu mimi. Alikuwa akibeba mikate kutoka tanurini kupeleka kwenye maduka ya vijijini, sanduku la mbao nyuma, na chumba chetu kilinuka mkate wa moto na mafuta ya mnyororo, harufu mbili ambazo mpaka leo zikikutana mahali nasimama. Mikate iliyovunjika ilikuwa yetu. Jioni tuliila na mbaazi za nazi za Mama Salima, au kama ni msimu wake, na ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, tukiichovya kwenye mafuta yenye chumvi na pilipili. "Kula, Mmakonde," Yusufu alikuwa akiniambia, "najua umeizoea nyama ya panya, lakini leo vumilia." Nami namjibu kwamba babu zake walizunguka nchi nzima kwa miguu ili tu watu waone nguo zao mpya. Mama Salima, ambaye alikuwa Mmakua na mtani wetu sote wawili, alisikiliza kutoka jikoni na kutuambia kwamba wote hatufai, tulete sahani.

Chumba cha pili Mama Salima aliwapangisha ndugu wa wagonjwa, watu waliotoka mbali kuja kuuguza. Walikuja na mabeseni, mikeka na majiko yao, wakakaa wiki au mwezi, wakaondoka, wakaja wengine. Ukuta haukufika juu, kwa hiyo maongezi yao yalikuwa maongezi yetu. Na yalikuwa yaleyale siku zote, hata waliokuwamo wakibadilika. "Leo kala?" "Kala kidogo." "Kageuka?" "Wamemgeuza." "Kasema nini?" "Hajasema." Kisha mtu anapumua kwa nguvu. Ujanani nilikuwa naona watu wale ni wavivu wa maneno. Nilikuwa najiuliza kwa nini hawaongei mambo mengine, kwa nini wanakaa tu mlangoni na mikono mapajani, watu wazima wenye nguvu zao. Nililala nikiwasikiliza na kufikiri habari za miguu yangu.

Miguu yangu ndiyo ilikuwa mali yangu yote. Nimezaliwa juu ya mlima, na zama zile maji ya Newala yalikuwa chini, kwenye chemchemi za bondeni. Nilishuka na ndoo nikapanda nayo tangu nikiwa mdogo, wenzangu wakinicheka kwamba nafanya kazi ya dada zangu. Kwa hiyo nilipoanza kukimbia bila ndoo nilijiona sina uzito. Kila alfajiri nilikimbia kuzunguka majabali ya Masasi, na waliokuwa wakienda sokoni walishanizoea. Mwaka ule afisa michezo alitoka kwenye mafunzo fulani na wazo jipya: mashindano ya kupokezana ya watu watatu, mmoja anaogelea, wa pili anaendesha baiskeli, wa tatu anakimbia. Jina lake lilikuwa triathloni, neno ambalo hata yeye alilitamka kwa uangalifu kama mtu anayetafuna samaki mwenye miiba. Kuogelea kungekuwa bwawani nje ya mji wa Masasi, baiskeli kutoka hapo mpaka chini ya mlima, na mbio ni kupanda mlima mpaka Newala mjini. Na akatuambia jambo lililoninyima usingizi: kocha wa timu moja ya jeshi, kutoka Dar es Salaam, atakuja kutazama. Alikuwa anatafuta vijana wa mbio za vilima. Akikupenda anakuchukua, unapata kambi, chakula, viatu na ajira. Nilitaka kitu hicho kama mtu anavyotaka maji. Sikuwa na mpango mwingine maishani, na hilo Yusufu alilijua kuliko mtu yeyote.

Tatizo letu lilikuwa kuogelea. Sisi watu wa mlimani maji tuliyaona kwenye ndoo, na Yusufu hakukubali kuingia kwenye kitu ambacho hajui kilichomo. Mama Salima ndiye aliyetuletea Editha, binti wa ndugu yake kutoka Lulindi, aliyekuwa Masasi akingoja nafasi ya chuo cha uuguzi. Editha alikulia kandokando ya mto, akivua na mama zake kwa vikapu, na alikuwa anaogelea kichwa juu, bila kurusha maji, taratibu ukidhani hafiki popote, kumbe keshafika. Aliogelea na gauni lake la shule na kaptula ndani. Alikuwa mpole wa sura na mkali wa ulimi. Siku ya kwanza alitutazama, mmoja mwembamba wa mlimani na mmoja wa mikate, akasema, "Mimi nitatoka majini wa kwanza. Ninyi mtajua wenyewe." Mama Salima alichana ukingo wa kanga yake kuukuu, nyekundu, akatupa kitambaa cha kupokezana. Sheria ilikuwa hiyo: unayemaliza unamfunga mwenzako kitambaa mkononi. Mkimbiaji anamngoja wa baiskeli ndani ya duara, na akitoa mguu nje kabla hajafungwa kitambaa, timu nzima imetoka.

Siku yenyewe tulipelekwa wakimbiaji wote chini ya mlima na gari la halmashauri. Chokaa ya kuchorea ilikuwa imesahauliwa Masasi. Msaidizi wa afisa michezo akaenda nyumba ya jirani, akarudi na unga wa muhogo kwenye ungo, akatuchorea maduara yetu kando ya barabara, kila mtu na lake. Kocha alikuwapo. Alikuwa mtu mfupi, kofia ya kitambaa, hana maneno mengi. Alipita akitutazama miguu, si nyuso. Alipofika kwangu akasimama. "Wewe ndiye wa huko juu?" "Ndiyo, mzee. Shikamoo." "Marahaba. Nimesikia habari zako. Nataka kukuona kwenye zile kona za juu." Akaenda zake. Muda si mrefu gari likaja kutoka Masasi na habari kwamba Editha alitoka majini wa kwanza, kwa mbali, na Yusufu ameshika barabara peke yake mbele ya watu wote. Nikaanza kurukaruka ndani ya duara langu. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile tena, hata siku ya harusi yangu, na mke wangu hilo nimeshamwambia.

Akaja wa baiskeli wa kwanza, si Yusufu. Nikasema labda amepitwa kidogo. Akaja wa pili. Wakimbiaji wenzangu wakafungwa vitambaa vyao, wakaondoka, na kocha akapanda garini kuwafuata, akinitazama mara moja dirishani na kuinua mabega. Akaja wa tatu, na wengine baada yake, mpaka akaja kijana mmoja mnene ambaye tulikuwa tunamcheka mazoezini, naye akampokeza mwenzake, akakaa chini akaanza kula muwa. Nikamwuliza kama amemwona Yusufu. Akasema njiani alipita kijiji kimoja chenye msiba, kulikuwa na watu wengi barabarani, hakuangalia nyuso. Nikabaki peke yangu. Mbele yangu barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Nilifikiri ameanguka, ameng'atwa na nyoka, mnyororo umekatika. Ningeweza kukimbia kurudi nyuma kumtafuta, nguvu zilikuwa zinanichemka miguuni, lakini nikitoa mguu tu tumetoka sote, jasho la Editha na la Yusufu limekwenda bure. Basi nikasimama. Sijui kama umewahi kusimama ukiwa na nguvu zote za mwili wako na huna mahali pa kuziweka.

Kulikuwa na akina mama wawili wakiuza mabibo, matunda ya mikorosho, kando ya barabara, na walikuwa wananitazama kama watu wanaotazama sinema. "Huyu ntu kasahauliwa," mmoja akasema. "Hajasahauliwa, kaadhibiwa," mwenzake akajibu. "Utaadhibiwa vipi kwa unga?" Wakacheka. Kisha wakaja kuku. Jogoo mmoja na matetea yake walitoka mikoroshoni, wakagundua kwamba duara langu linalika, wakaanza kulidonoa. Nikawafukuza kwa mikono, maana mguu siwezi kuutoa. Wakahamia nyuma yangu. Nikageuka, wakahamia mbele. "Mwanangu," yule mama wa kwanza akaniuliza kwa huruma kabisa, "wakimaliza kuula huo mstari, utaruhusiwa kwenda?" Duara lilipungua upande mmoja, jua likahama, na mimi nikabaki nimesimama katika kipande cha duara, nikilinda kisichokuwapo.

Yusufu alitokea wakati nimeshaacha kutazama. Alikuja akikanyaga kwa nguvu zote, amesimama juu ya pedali, na tangu mbali niliona miguu yake ni myekundu mpaka magotini. Nilidhani ni damu. Ulikuwa udongo. Aliiacha baiskeli ikaanguka yenyewe, yeye aliyekuwa akiilaza kama mtoto, akanishika mkono na kuanza kufunga kitambaa. "Nimemzika bibi yenu," akasema. Sikuelewa. Akaeleza huku anafunga fundo. Kijiji kile cha msiba kilikuwa cha Wamakonde. Aliyefariki alikuwa bibi mmoja mzee sana, na kaburi lilikuwa tayari, lakini wafiwa walikuwa wamekaa nalo tu tangu asubuhi kwa sababu hapakuwa na mtani hata mmoja wa kulifungua. Walimtuma mtu kwenda kumtafuta, hajarudi. Ndipo akapita muuza mikate, Myao, wanayemjua wote. Wakaweka matawi barabarani, wakashika usukani. Akawaambia yuko mashindanoni. Mzee mmoja akamjibu, "Hata huyu bibi yako alikuwa mashindanoni, kamaliza leo." Watu wakacheka, na alipoona wamecheka, akaona hawezi kuondoka. Aliingia kaburini akalala, akadai mto na blanketi, akamwigiza bibi akitafuta ugoro wake, watu wakacheka mpaka watoto wa bibi wenyewe wakakaa chini, na jeneza likatoka. "Niliruka kutoka mle ndani nikapanda baiskeli," akasema. "Mmakonde, sikuwa na la kufanya. Mngekuwa ninyi wa kwenu mnazika, mtani gani angepita tu bila kusimama?"

Nilitaka kumpiga. Mkono niliukunja kabisa, ule aliokuwa ameufunga kitambaa. Lakini wale akina mama wa mabibo walikuwa wamesikia kila kitu. Wakasimama, wakampigia Yusufu vigelegele, mmoja akamletea bibo zuri kuliko yote akamlisha kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa bibi yule alikuwa wa ukoo wao na walishaanza kuona aibu kwamba hajazikwa. Mimi ni Mmakonde. Alikuwa amewafanyia watu wangu jambo ambalo mimi nisingeweza kuwafanyia. Ningemkasirikiaje, tena mtani? Hasira ikakosa njia ya kutokea. Yusufu akanisukuma begani. "Nenda," akasema, "nenda, nenda." Nikaenda.

Nimewahi kusikia watu wakisema mtu akiumia anakimbia vibaya. Si kweli. Sijawahi kuupanda mlima ule kama nilivyoupanda siku ile. Kona zile za juu, ambazo kocha alitaka kuniona, nilizipita nikipumua vizuri, kifua kimefunguka, hakuna aliyekuwapo isipokuwa mzee mmoja na punda wake aliyenipisha. Nilimpita yule mwenzake na kijana mnene. Nikampita na mwingine, aliyekuwa amekaa chini ameshika ubavu. Nikajidanganya kwamba labda, labda. Nilipofika uwanjani Newala kamba ilikuwa imeshafunguliwa na mtu alikuwa anaikunja. Kocha alikuwa ameshapata vijana wake wawili na gari limekwenda nao Mtwara. Aliyebaki ni Editha, amekaa ngazini na gauni lake lililokaukia mwilini, ameshika sahani ya pilau iliyofunikwa kwa sahani nyingine, amenilindia. "Kula," akasema. Nikala nikiwa nimesimama, pilau imepoa, mafuta yameganda, na alipoona nalia alinigeuzia mgongo akatazama upande wa mlima, akaniumiza kwa kunistahi hivyo.

Nilijaribu kununa. Nilirudi Mkomaindo nikiwa nimeamua kutosema na Yusufu, lakini Mama Salima aliposikia habari ya kaburi alimchinjia kuku, na majirani wakaja kumwona, na ndugu wa wagonjwa wa chumba cha pili wakataka asimulie tena, wakacheka nao, watu waliokuwa hawacheki. Mimi nikakaa kwenye mkeka wangu na ukimya wangu kama mjinga. Kesho yake aliamka akavaa viatu vyangu vya mbio, vya pekee nilivyokuwa navyo, akaenda navyo kupeleka mikate, akarudi navyo vimejaa vumbi, akaniambia, "Viatu hivi vinakimbia wenyewe, kumbe wewe huna sifa yoyote." Nikacheka. Nilijichukia kwa kucheka, lakini nilicheka, na kwa hiyo ikawa imekwisha, au watu waliona imekwisha. Mwisho wa mwaka nilirudi nyumbani, nikapata kazi kwenye ghala la korosho, nikazeekea hukohuko. Sikukimbia tena. Yusufu akatoka kwenye mikate akawa fundi baiskeli, halafu pikipiki. Editha alikuwa muuguzi, sasa kastaafu yuko Lulindi. Tumezaa, tumeozesha, tumezikiana. Lakini kinyongo kidogo kilibaki mahali, kama mwiba uliovunjikia ndani, ambao hauumi mpaka uubonyeze.

Mwaka huu Yusufu alipolazwa nilishuka Masasi mara nyingi kumuuguza. Nilipanga chumba Mkomaindo, si kwa Mama Salima, yeye alishatangulia zamani, ila nyumba kama ile, na ukuta wake haukufika juu vilevile. Nilikaa mlangoni jioni, mikono mapajani. Zuhura akija namwuliza, "Kala?" Anasema, "Kala kidogo, baba." "Kageuka?" "Tumemgeuza." Siku moja nilijisikia nikipumua kwa nguvu baada ya maneno yale, na upande wa pili wa ukuta kijana mmoja alikuwa anacheza muziki kwenye simu yake, nikajua anatuona wavivu wa maneno. Mikono yangu bado ina nguvu. Ningeweza kumbeba Yusufu mgongoni mpaka Newala, alikuwa amebaki mwepesi hivyo. Lakini hakuhitaji kubebwa, hakuhitaji chochote nilichokuwa nacho. Ulikuwa mwendo wake, na mimi nilikuwa wa kungoja.

Ni yeye aliyeanza. Aliniambia mchana mmoja, amefumba macho, nikidhani amelala: "Mle kaburini mwa yule bibi, nilikuwa nakuona." "Unaniona wapi?" "Ndani ya duara lako. Nilijua hutoki. Ndiyo maana nikathubutu kulala." Nikamwambia, "Je, ningetoka?" Akafumbua jicho moja. "Hukutoka," akasema. Halafu ndipo akaniachia lile neno la kumpimia. Kile kinyongo nilikitafuta jioni ile sikukiona, na sikuwa na furaha kukikosa, maana nilikuwa nimekizoea.

Siku ya mazishi gari letu lilichelewa. Lori la korosho lilikuwa limekwama kwenye kona, magunia yanashushwa moja moja, na sisi abiria tukasimama pembeni. Nilimpigia Zuhura nikamwambia wasinisubiri. Akasema, "Baba mdogo, tunakusubiri." Nilipofika nyumbani kwa Yusufu jeneza lilikuwa limeshatolewa, liko uani chini ya turubai, wanaume wamekaa kulizunguka. Editha alikuwa barazani na akina mama. Nikamsogelea kumpa pole. Alinitazama viatu vyangu vyenye vumbi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Leo yeye ndiye aliyekungoja," akasema. Ilibidi niondoke pale haraka.

Makaburini wakanipisha. Sheikh alijua kitakachofuata, na kwa wema wake aligeuka akajifanya anatafuta kandambili zake. Nikashuka. Udongo wa chini ulikuwa baridi na mwekundu, na mwanandani, ule mfereji wa kulaza maiti, ulikuwa umechongwa vizuri sana, mtu alikuwa amejitahidi. Nilikuwa nimepanga kulalamika kwamba baiskeli haitaingia. Nikainua macho. Juu kulikuwa na nyuso tu, zinangoja, wanawe Yusufu, mafundi wake, wazee, wote wananitazama kama wale akina mama wa mabibo. Nikahisi machozi yanapanda, na nilikuwa nimeahidi. Zamani nilinyimwa hasira, na leo nanyimwa kulia, na aliyeninyima ni yuleyule. Nilisimama mle ndani na nguvu zangu zote, sina pa kuziweka. Ndipo mkono wangu ukanyanyuka wenyewe, nikaukunjua kuelekea kwao, kiganja juu, kama tulivyofundishwa kupokea kitambaa.

"Sitoki," nikasema. "Huyu Myao kachelewa tena. Mpaka anifunge kitambaa."

Wakacheka. Kisa kile Yusufu alikuwa amekisimulia maisha yake yote, hapakuwa na mtu Masasi asiyekijua, na wakacheka kwa kishindo, wanawe wakashikana mabega, sheikh akainama zaidi juu ya kandambili. Kicheko kikatoka makaburini kikafika kwa akina mama, nao wakajua sasa tunazika. Kazi ilikuwa imefanyika. Mimi nikabaki chini, mkono umenyooka, na kicheko kilipokwisha nilikuwa bado nimeunyoosha, kwa sababu nilikuwa nangoja kweli. Wanaume wawili wakaushika mkono huohuo, wakanivuta juu taratibu, maana mwenye kaburi alikuwa amefika.